Tunabana matumizi ya umeme, au tunambana jirani?

Katika nyumba zetu za kupanga hapa Dar es Salaam kuna sauti moja ambayo ikisikika jioni milango yote hufunguka kwa pamoja. Ni sauti ya mtoto anayepiga kelele uani: "Umeme umeishaa!" Hapo ndipo huanza mahesabu. Nani katoa, nani hajatoa, nani ana friji, nani kashinda anapiga pasi. Mara nyingine mahesabu hayo huishia kwenye matusi, na watu waliofuturu sahani moja hununiana mwezi mzima.

Wapo watakaouliza, ukurasa huu na mambo ya LUKU wapi na wapi? Nawaomba wanivumilie. Siku hizi kila mtu anahubiri kubana matumizi. Redioni wanahubiri, maofisini wanahubiri, na sisi wenyewe majumbani tunahubiriana. Ni jambo jema. Lakini kuna swali ambalo sijasikia likiulizwa: fedha niliyookoa mimi, imetoka wapi? Je, imetokana na kuacha kupoteza, au imetoka mfukoni mwa mtu mwingine ambaye hajui, au anajua lakini hana nguvu ya kusema?

Swali hili silitoi kitabuni. Limenikuta mimi mwenyewe, na nitalisimulia kama lilivyokuwa ili iwe mawaidha kwangu kwanza, kisha kwa wengine.

Nyumba ya vyumba saba, mita moja

Mwaka 2018 nilikuwa nimepanga Buguruni, katika nyumba ya vyumba saba yenye mita moja ya LUKU. Wapangaji tulikubaliana kila chumba kitoe Sh 5,000 kwa mwezi, jumla Sh 35,000. Pendekezo hilo nililitoa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nikikusanya fedha na kununua umeme. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hekima: "Jamani, tugawane sawa, usawa hauna ugomvi." Wote wakaitikia.

Chumba changu kilikuwa na friji, televisheni na pasi. Chumba cha pili kutoka kwangu alikuwepo dada aliyefanya biashara ya barafu na maji baridi, ana friza. Vyumba vinne walikuwa vijana na familia ndogo wenye taa, simu za kuchaji, feni na redio. Chumba cha mwisho, karibu na choo, aliishi mama mmoja mtu mzima, mjane, ambaye wote tulimwita Bibi. Bibi alikuwa na taa moja na redio ndogo ya kusikiliza mawaidha. Basi. Alikuwa akiuza karanga za kukaanga.

Kwa miezi kumi na minne Bibi alitoa Sh 5,000 yake bila neno. Kisha akaugua, biashara ikasimama, na miezi miwili mfululizo hakutoa. Mwezi wa pili ulikuwa Ramadhani. Tukakaa kikao uani, na uamuzi ukawa waya wa chumba chake uchomolewe mpaka alipe, ili wengine wasione kuwa inawezekana kukaa bure. Nami nilikuwa kwenye kikao hicho. Sikupinga. Bibi akala daku kwa tochi.

Aliyenizindua ni binti yangu, wakati huo akiwa darasa la tano. Aliniuliza tukiwa tunafuturu: "Baba, kwani taa ya Bibi inakula umeme mwingi kuliko friji letu?" Nikamjibu kuwa si swali la umri wake. Lakini usiku ule baada ya tarawehe nilichukua karatasi na kalamu.

Hesabu iliyoniumbua

Ndugu msomaji, hesabu ya umeme ni nyepesi, na ni aibu kwamba wengi wetu tumeishi na mita ukutani bila kuijua. Kila chombo kimeandikwa wati zake, ama nyuma ama chini. Wati 1,000 zikiwaka kwa saa moja ni uniti moja. Chombo cha wati 100 kitachukua saa kumi kumaliza uniti hiyo hiyo. Taa ya LED ya wati 9 itachukua zaidi ya saa 100.

Kwa bei iliyopangwa mwaka 2016, mteja wa kundi la kawaida, lile linaloitwa T1, alitozwa Sh 292 kwa uniti. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, uniti ilimfikia mnunuzi kwa takriban Sh 356. Kwa hiyo Sh 35,000 yetu ilinunua kama uniti 98.

Sasa zilikwenda wapi? Taa ya Bibi ya wati 9, saa nne kila usiku, kwa mwezi ni uniti moja na kidogo. Redio yake tuiwekee uniti moja kamili. Jumla uniti 2, yaani Sh 712. Friza ya biashara nilikadiria uniti 36. Friji langu, televisheni na pasi, uniti 32. Zilizobaki 28 zikagawanyika kwa vyumba vinne, uniti 7 kila kimoja.

Maana yake ni kwamba mimi nilitumia umeme wa Sh 11,392 nikalipa Sh 5,000. Mwenye friza alitumia wa Sh 12,816 akalipa Sh 5,000. Vyumba vinne vilitumia wa Sh 2,492 vikalipa Sh 5,000. Na Bibi, mjane muuza karanga, alitumia wa Sh 712 akalipa Sh 5,000. Kila mwezi alikuwa akitoa Sh 4,288 kwa ajili ya friji langu na friza ya jirani. Kwa miezi kumi na minne ni kama Sh 60,000. Kisha alipougua, sisi tuliokuwa tukiishi kwa jasho lake tukamkatia taa.

Na mimi miezi yote hiyo nilikuwa nikijisifu kwa mke wangu: "Unaona, tunatumia friji na bado umeme wetu ni elfu tano tu." Nilidhani nimebana matumizi. Kumbe nilimbana Bibi.

Je, ridhaa inatosha?

Hapa atasimama mtu aseme: lakini alikubali mwenyewe, na Uislamu unahalalisha mali kwa kuridhiana. Ni kweli, katika Suratun-Nisaa aya ya 29 Allah (S.W) amekataza kuliana mali kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Lakini tujiulize, ridhaa ni nini? Bibi alikuwa na njia gani nyingine? Angekataa, angeambiwa ana roho mbaya, au mwenye nyumba angeletewa maneno. Zaidi ya hapo, hakuna aliyemweleza kuwa taa yake haimalizi hata Sh 1,000. Mtu akikubali jambo ambalo hajaelezwa uhalisia wake, na asiyeweza kulikataa, hiyo ridhaa ni ya mdomo.

Wengi wetu tumezoea kusoma Suratul-Mutwaffifin tukimfikiria muuza unga wa sokoni anayechezea mizani. Allah (S.W) amewaonya wale ambao wakijipimia wao hutaka kikamilifu, na wakiwapimia wengine hupunguza. Mita ya umeme nayo ni mizani. Anayekunywa maji baridi kwa Sh 5,000 na akamtoza mwenzake Sh 5,000 hiyo hiyo kwa mwanga wa taa moja, amejipimia vipi na amempimia mwenzake vipi?

Usawa na uadilifu si kitu kimoja. Kugawa sawa gharama ambayo haikutumiwa sawa ni dhulma iliyovaa kanzu. Tena ni dhulma ngumu kuiona, kwa sababu anayefaidika nayo haibi usiku wala haruki ukuta. Anakaa kimya tu.

Kubana matumizi kwa mujibu wa dini

Mtu asije akanielewa kuwa napinga kubana matumizi. Uislamu umetangulia katika hili. Katika Suratul-Israa, aya ya 26 na 27, wabadhirifu wameitwa ndugu wa mashetani, na katika aya ya 29 ya sura hiyo hiyo tumekatazwa kuufumba mkono kabisa na kuukunjua wote. Katika Suratul-Furqaan aya ya 67, waja wa Mwingi wa Rehema wamesifiwa kwamba wanapotoa hawapitilizi wala hawafanyi ubakhili, wapo kati na kati. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kiasi kisichofika lita moja. Sisi leo tunafungulia bomba toka nia mpaka kuosha miguu.

Hata kuzima taa kuna mafundisho yake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W) aliamrisha taa zizimwe watu wanapolala, na akataja sababu, kwamba panya huweza kuuburuta utambi akaiunguza nyumba. Sababu ni usalama, lakini tazama namna dini ilivyoingia mpaka kwenye utambi wa taa ya mtu chumbani kwake.

Siku hizi imezuka hoja nyingine. Inasemwa umeme sasa ni mwingi, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024, ya nini kujibana? Jibu lake tunalipata katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, kwamba Mtume (S.A.W) alimpitia Sa'd akitawadha akamuuliza kuhusu israfu ile. Sa'd akashangaa kama katika udhu kuna israfu, naye akajibiwa kuwa ipo, hata ukiwa kwenye mto unaopita. Wanachuoni wa hadithi wameijadili sanadi yake, lakini maana yake inakubaliana na aya tulizozitaja. Ubaya wa kupoteza hauondoki kwa sababu kilichopotezwa ni kingi. Unaopotoka ni moyo wa mpotezaji.

Basi kubana matumizi kwa Muislamu kuna sharti mbili. Ya kwanza, upunguze unachopoteza. Ya pili, usihamishe mzigo kwa mwingine. Likikosekana la pili, la kwanza halina thawabu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakika bili ya umeme ni nyepesi sana inapobebwa na jirani.

"Moto ni wa watu wote"

Ikiwa kumdhulumu mpangaji mmoja ni jambo zito, tuseme nini kuhusu kuwadhulumu watu wote kwa pamoja? Wapo miongoni mwetu, tena wanaosimama safu ya mbele, ambao umeme wao haupiti kwenye mita. Wameita vishoka, wakalipa mara moja, na tangu hapo LUKU haishuki. Ukiwauliza wana hoja mbili, na zote nimezisikia kwa masikio yangu.

Hoja ya kwanza ni ya kidini. Wanasema ipo hadithi katika Abu Daud na Ibn Majah kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Umeme si moto? Basi ni haki yetu.

Hadithi ni kweli ipo, lakini hebu tuitazame. Imesema watu ni washirika. Mshirika ni mtu mwenye fungu, pamoja na wenzake. Anayechukua fungu lake na la wenzake kwa siri huyo si mshirika tena. Kisha, moto unaozungumziwa pale ni ule ambao ukiwasha kijinga chako kwa jirani, wa kwake haupungui. Umeme unaokufikia wewe Mbagala umepitia kwenye mitambo, nyaya, transfoma na nguzo, na kila hatua kuna mtu amefanya kazi na kuna gharama imetoka. Ukichukua uniti bila kulipa, uniti ile imeungua kwako na gharama yake imebaki kwa wengine. Shirika la umeme likipoteza umeme njiani, upotevu ule huingia katika hesabu za gharama, na gharama ndizo zinazotazamwa bei inapopangwa. Halafu transfoma ya mtaa ikizidiwa na mizigo isiyojulikana ikalipuka, wa kwanza kukaa gizani ni yule aliyelipa.

Hoja ya pili ni ya kisiasa. Wanasema wakubwa wameiba mangapi? Tumesahau mgao wa 2006 na sakata la Richmond lililomwondoa Waziri Mkuu madarakani Februari 2008? Waibe wao mabilioni, sisi tuandamwe kwa uniti mbili?

Hoja hii inauma kwa sababu ndani yake mna ukweli. Mwananchi amebebeshwa gharama za makosa ambayo hakuyafanya. Ni haki yake kuhoji, kuandika, kupiga kelele na kudai hesabu, na gazeti hili halijawahi kumwambia mtu anyamaze. Lakini tusichanganye mambo. Aliyekula mabilioni hatalipia uniti zako ulizoiba. Atakayelipia ni mtu mfano wa Bibi. Huwezi kulipiza kisasi kwa mwenye nguvu kwa kumkaba mnyonge. Wanachuoni wengi wa zama hizi walioulizwa kuhusu kusimamisha mita wamejibu kuwa haifai, na wapo waliosema hivyo hata kwa Muislamu anayeishi katika nchi isiyo ya Kiislamu. Na katika sheria za nchi, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inahesabu kuiba umeme kuwa ni kosa la jinai.

Tena mali ya umma ina uzito wake maalumu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A) kisa cha mtumishi aliyekuwa akimhudumia Mtume (S.A.W), akapigwa mshale akafa baada ya Khaybar. Watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume (S.A.W) akawaambia kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawiwa inawaka moto juu yake. Waliposikia, mtu mmoja akaja na gidamu ya kiatu. Shuka na gidamu! Kwa nini kitu kidogo namna ile? Kwa sababu mwenyewe ni jeshi zima. Ukimwibia mtu mmoja, unajua pa kwenda kuomba msamaha. Ukiwaibia watu wote wa mji, utagonga mlango gani?

Mzigo wa jikoni

Kuna mahali pengine ambapo kubana matumizi huhamisha mzigo, napo ni ndani ya nyumba zetu wenyewe. Baba anatangaza kuanzia leo hakuna kupikia umeme wala gesi, ni mkaa, na maharage yapikwe kwa kuni. Akishatangaza anakaa sebuleni, feni juu, televisheni inaonyesha mpira wa Ulaya mpaka saa sita za usiku. Bili imeshuka kweli. Lakini mama na binti wapo uani saa tatu wanapuliza moto, macho mekundu, kifua kinabana.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto. Basi fedha iliyookolewa kwenye bili imelipwa na mapafu ya mke, tena huenda hata haikuokolewa. Jiko la presha la umeme la wati 1,000, kwa sababu hujizima na kujiwasha lenyewe na joto halitoki, linaweza kuivisha sufuria ya maharage kwa nusu uniti au pungufu. Kwa ile bei ya Sh 356, hiyo ni chini ya Sh 200. Wangapi wetu tumewahi kulinganisha na mkaa unaoungua kwa saa tatu? Hatulinganishi, kwa sababu muda wa mwanamke na afya yake hatuuwekei bei. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mkakati ni mzuri, lakini hautaingia jikoni ikiwa mwenye fedha ya nyumba hajaingia huko hata siku moja. Mtume (S.A.W), kama alivyosimulia mama wa waumini Aisha (R.A), alikuwa akiwa nyumbani anawasaidia watu wake kazi.

Na misikiti yetu je? Umeme wa msikiti hulipwa kwa sadaka ya Ijumaa, humo mna Sh 500 ya mzee na Sh 100 ya mtoto. Lakini ingia msikitini saa nne asubuhi uone feni kumi na mbili zinazunguka, na aliyepo ni mtu mmoja aliyelala. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Abdul-Aziz alikuwa akifanya kazi za dola kwa taa ya Baitul-Mal, na mazungumzo yakihamia mambo yake binafsi huizima akawasha ya kwake. Mafuta yaliyookolewa pale ni matone. Lakini kiongozi anayechunga matone unaweza kumwamini kwa mapipa.

Tufanye nini?

Kwanza, tuijue hesabu. Soma wati za kila chombo, zidisha kwa saa, gawa kwa 1,000. Fanya zoezi hilo na watoto. Utagundua kinachokula umeme ni vinavyotoa joto na vinavyotoa baridi: hita ya kuogea, jiko la koili, pasi, kiyoyozi, friji. Hita ya wati 4,000 kwa robo saa ni uniti nzima, sawa na taa ya Bibi kwa karibu mwezi. Ukikataza watoto kuwasha taa ya kusomea huku hita inaunguruma bafuni, umefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Pili, tubadilishe kinachobadilika. Bulbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa sita kwa siku inakula karibu uniti 11 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, haifiki uniti 2. Piga pasi nguo za wiki kwa mara moja. Chemsha maji unayohitaji tu. Kagua mpira wa mlango wa friji, weka kipande cha karatasi, funga, kikivutika kwa wepesi ujue baridi linatoka. Feni ya wati 70 usiku kucha wa saa nane ni kama nusu uniti, wakati kiyoyozi cha wati 1,000 kinaweza kumaliza uniti kadhaa.

Tatu, wenye nyumba na wapangaji waweke mita ndogo kwa kila chumba, fundi anayeaminika anaifunga, na kila mtu alipe alichotumia. Kama haiwezekani, basi waandike vyombo vya kila chumba ukutani na wagawane kwa uzito. Na mwenye nyumba anayeweza kuwaombea wapangaji mita zao kamili ajue atakuwa amewafanyia hisani kubwa. Kwa utaratibu wa bei wa mwaka 2016, mtumiaji wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa Sh 100 tu kwa uniti, na Sh 350 kwa zinazozidi. Nyumba yetu ya uniti 98 haikuweza kupata bei ile, lakini hakuna chumba hata kimoja kati ya saba ambacho peke yake kilifika uniti 40. Mita ya pamoja iliwanyima masikini bei iliyowekwa kwa ajili yao.

Nne, kila mtaa wenye mita za pamoja wakubaliane kuwa mgonjwa, mjane na aliyekosa hakatiwi taa. Mtume (S.A.W) amekanusha imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Taa moja haifiki Sh 1,000 kwa mwezi. Nyumba nzima ikishindwa kubeba Sh 1,000, swaumu yake imefunga nini?

Deni lililobaki

Nilipomaliza hesabu ile usiku wa Ramadhani nilikwenda nikaurudishia waya wa chumba cha Bibi. Asubuhi nikawaonyesha wenzangu karatasi. Wengine walicheka, mwenye friza alikasirika, lakini mwezi uliofuata tukaanza kugawana kwa vyombo. Mimi nikawa nalipa Sh 11,000 na ushee. Nilisikia uchungu, ukweli nauseme, na ndipo nikajua uchungu ule ulikuwa wa nani miezi yote ile.

Fedha za nyuma sikumrudishia. Nilisema nitamrudishia mwisho wa mwezi, kisha baada ya Idi, kisha shule zikafunguliwa. Bibi akahamia kwa binti yake Mkuranga, na mwaka uliofuata tukaletewa habari kwamba amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Muslim amepokea hadithi ya muflisi wa umati huu, mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, swaumu na zaka, lakini alimla huyu mali na alimdhulumu yule, basi wachukue katika mema yake mpaka yaishe. Nilimtafuta binti yake Mkuranga nikamkabidhi Sh 60,000 na kumweleza. Alinitazama kwa muda, akasema: "Baba, mama alikuwa akisema nyumba ile ina watu wema." Sikuweza kumjibu.

Fedha imewafikia warithi. Msamaha wake mwenyewe sikuupata, na hilo nimeliacha kwa Allah (S.W). Ndugu msomaji, ikiwa jioni ya leo mtoto atapiga kelele uani kwamba umeme umeisha, kabla hujauliza nani hajatoa, uliza kwanza nani katumia.

Wallahu a'lam.